Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu Wanachama,

Katiba ya chama chetu inanitaka nilete taarifa ya mwaka mbele ya Mkutano Mkuu. Makabrasha mliyogawiwa yana karibu kila kitu: hesabu zilizokaguliwa, orodha ya mafunzo, majina ya wanachama wapya kutoka halmashauri na asasi za kiraia. Sitayasoma tena hapa. Nataka kuzungumzia jambo moja lililorudi katika kila kikao cha Kamati Tendaji mwaka huu, yaani nani hasa anamjibu mwananchi anapotuandikia mtandaoni.

Mapema mwaka huu tuliwaomba mtuletee nakala za ripoti mnazopeleka kwa wakuu wenu kila robo mwaka. Zilikuja nyingi, na zilifanana kama mapacha. Wafuasi wameongezeka, machapisho yameongezeka, picha zimependwa. Ukifungua kurasa zenyewe unakutana na mgeni rasmi anakata utepe, mgeni rasmi anapanda mti, mgeni rasmi anakabidhi madawati. Chini ya picha ya madawati mtu ameuliza maji ya mtaa wake yatatoka lini. Ameandikiwa "Asante kwa maoni yako", au ameachwa hivyo hivyo. Katika ripoti ya robo mwaka swali lake halimo. Siwasemi maofisa habari kwa hili. Wote tunajua kwamba anayejaza fomu yako ya tathmini ndiye aliyeshika mkasi kwenye ile picha.

Ndiyo maana semina ya katikati ya mwaka tuliitenga kwa ajili ya mradi mmoja wa zamani, Maji Matone, ulioendeshwa hapa Tanzania na asasi ya Daraja zaidi ya miaka kumi iliyopita. Vijana wengi hapa hawakuwahi kuusikia. Wazo lake lilikuwa jepesi: kituo cha maji cha kijiji kikiharibika, mwananchi atume ujumbe mfupi wa simu, taarifa imfikie mhandisi wa maji wa wilaya, na redio ifuatilie kama kimetengenezwa. Walitarajia meseji 3,000. Katika miezi sita ya majaribio zikaja 53.

Daraja wakafanya jambo ambalo wengi wetu tungelifungia kabatini: waliitangaza namba hiyo wenyewe, wakakaa kutafuta sababu. Mtandao wa simu vijijini ulikuwa hafifu, hilo lilitarajiwa. Lakini pia wachotaji maji ni wanawake na watoto, na simu iko mfukoni mwa baba. Kulikuwa na woga wa kuonekana mchongezi wa viongozi. Na zaidi ya yote, watu hawakuamini kwamba ujumbe wao ungeleta fundi. Kama huamini, kwa nini upoteze hata hela ya meseji?

Mjadala ule ulipita muda wa chakula, na sikuukatiza. Sababu ya mtandao hafifu imepungua sana tangu wakati ule. Ya simu ya baba imepungua kiasi. Ya kutoamini iko pale pale, na hiyo haitatuliwi na mnara wa simu.

Serikali yenyewe imejenga njia nzuri. Mfumo wa e-Mrejesho wa Mamlaka ya Serikali Mtandao unapokea malalamiko, maulizo, mapendekezo na pongezi, na mwenye kitochi anaingia kwa *152*00# bila simu janja wala bando. Kiufundi sina la kuongeza. Shida huanza lalamiko linapofika kwenye taasisi. Kamati ilipozungukia baadhi ya wanachama ilikuta sehemu ambako aliyepewa dhamana ya kuufungua mfumo amehama kituo na hakuna aliyerithi kazi hiyo. Kwingine lalamiko hufunguliwa, husomwa, kisha hufungwa kwa maneno "limefanyiwa kazi" bila kusema kazi gani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwombaji wa taarifa siku 30 awe amejibiwa. Siku 30 ni kikomo cha mwisho. Tumezigeuza kuwa ratiba.

Nitoe mfano wa upande wa pili, tusije tukaonekana wazee wa kulalamika. Katika maandalizi ya Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, maoni yalikusanywa kwa simu, kwa tovuti na kwenye makongamano. Hiyo si ajabu, hata sisi tunakusanya. Kilichonivutia ni kwamba rasimu ya kwanza ilizinduliwa Zanzibar Desemba 2024 ili watu waisome na kuihakiki kabla Dira haijazinduliwa Dodoma Julai 2025. Mtu aliyesema jambo alipata nafasi ya kuangalia kama limeingia. Mtu anaweza kubishana juu ya yaliyomo, na wapo wanaobishana, lakini hatua hiyo ya kurudi kwa waliosema ndiyo huwa tunairuka katika bajeti na mipango yetu ya wilaya.

Wala kurudi si lazima kuwe mtandaoni. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Wanachama wetu wachache wameanza kuwachapishia watendaji ukurasa mmoja wa maswali yaliyoulizwa mtandaoni na majibu yake, unasomwa mkutanoni na kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Gharama yake ni karatasi na wino. Kwa maoni yangu hakuna kilichofanywa na chama hiki mwaka huu kilicho bora kuliko hicho, na hakikuwa hata kwenye mpango kazi.

Mwaka huu pia ulitufundisha kutotegemea njia moja. Mei, ukurasa wa Jeshi la Polisi katika mtandao wa kijamii wa X ulidukuliwa na kurushiwa taarifa za uongo, na siku hizo hizo mtandao huo ukaacha kupatikana nchini kwa njia ya kawaida. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatika nchi nzima na kukaa hivyo kwa siku kadhaa. Zahanati zilizokuwa zikitoa ratiba za kliniki kwenye makundi ya WhatsApp pekee hazikuwa na namna ya kuwafikia wazazi. Aliyekuwa na orodha ya namba za simu, redio jamii anayoelewana nayo na wajumbe wa mitaa alinusurika. Kuhusu usalama, nawaomba jambo la nyumbani kabisa: namba ya kurejeshea ukurasa wa taasisi isiwe ya simu binafsi ya afisa. Tunazo taasisi ambazo afisa aliondoka, na ukurasa ukaondoka naye.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023, na bado naona fomu za mafunzo zinazodai namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), tarehe ya kuzaliwa na dini ya mshiriki. Dini ya nini? Ombeni mnachokihitaji tu, na ambao hamjajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwoneni Katibu leo.

Wengi wameuliza kuhusu akili mnemba ya kujibu wananchi usiku na mchana. Kamati haipingi. Ila mashine itajibu kwa kutumia majibu tuliyonayo, na taasisi nyingi hazijawahi kuyaandika. Andikeni kwanza, kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, maswali yanayoulizwa sana dirishani kwenu na majibu yake yenye ada, ofisi na siku.

Fedha: ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, madeni ni machache. Mweka Hazina atafafanua.

Kamati inaleta hoja mbili zipigiwe kura mchana huu. Ya kwanza: kila mwanachama ateue mtu na msaidizi wake wa kujibu, na jibu la kwanza litoke ndani ya siku mbili za kazi, likitaja idara inayoshughulikia. Ya pili: ripoti tunazotumiana ndani ya chama ziache kuhesabu wafuasi, zihesabu maswali yaliyoingia, yaliyojibiwa, na yale ambayo kitu kilibadilika baada ya jibu. Najua hoja ya pili ina wapinzani humu ndani, na wameomba waseme kwanza wao kabla ya kura. Katibu amewaweka mwanzoni mwa orodha ya wachangiaji.