Waacheni watoto waulize: barua kwa walimu wa shule ya Jumapili na kwa wazazi

Wapendwa walimu wa watoto katika sharika zetu, nanyi wazazi mnaowaleta,

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia wiki moja baada ya Siku ya Mikaeli na Watoto, nikiwa bado na furaha yake na uchungu wake. Watoto walipendeza. Walipanga mistari mbele ya madhabahu, mashati yamepigwa pasi, wakasema aya zao bila kukwama, na mama zao wameinua simu juu kuwapiga picha. Furaha ni hiyo. Uchungu ulinipata baada ya ibada, nilipokaa nao kwenye ngazi za kanisa, wakubwa wakiwa kwenye mnada wa ndizi na kuku waliotolewa sadaka. Palikuwa na msichana wa miaka minane hivi aliyekuwa ameisema Zaburi ya 23 yote, mwanzo hadi mwisho. Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, huyu Daudi wa zaburi yako ni nani?" Akanyamaza. Kijana aliyekaa pembeni akamsaidia: "Ni yule aliyemuua Goliathi." Nikauliza alimuua kwa nini. Akajibu upesi, kama mtu aliyezoea kuulizwa: "Kwa sababu alikuwa anawatii wazazi."

Sikucheka, wala sikumsahihisha. Nilijua lilikotoka. Mwalimu alisimulia, akafika mwisho, akasema, "Kwa hiyo watoto, hadithi hii inatufundisha nini? Inatufundisha kuwatii wazazi." Na kweli Yese alimtuma Daudi kwa kaka zake akiwa na bisi, mikate kumi na jibini kumi za akida wao, naye akaenda. Mwalimu hakudanganya. Lakini bonde la Ela limetoweka, siku arobaini za matusi ya yule Mfilisti zimetoweka, hofu ya Sauli imetoweka, na Mungu aliye hai ambaye Daudi aliona uchungu jina lake likitukanwa naye ametoweka. Limebaki funzo, na funzo hilo mtoto angeweza kulipata kwa bibi yake bila kuja kanisani.

Wanangu, ombi langu kwenu ni hili: simulieni hadithi yenyewe, nzima, kwa vinywa vyenu, kisha nyamazeni mtoto aulize.

Nilianza kufundisha watoto mwaka 1976, na kosa kubwa kuliko la huyo mwalimu nililifanya mwenyewe. Jumapili moja mvua ilinyesha, watoto walikuwa wengi, wanapiga kelele, nami nimechoka. Nikawasimulia habari za nabii Elisha na wale vijana waliomzomea kwa upara wake, dubu wawili wakatoka mwituni wakawararua 42 miongoni mwao. Kwa kuwa dubu hawamjui, nilisema simba. Nikaisimulia kwa sauti ya kutisha, nikamaliza nikisema, "Haya, nani tena anapiga kelele?" Darasa likawa kimya kama kaburi, nami nikarudi nyumbani nimeridhika. Katikati ya wiki mama mmoja akaja kwangu. Mwanawe wa miaka mitano hakuwa analala. Baba yake mkubwa, mwenye upara, alipofika kuwasalimu, mtoto alikimbilia chini ya kitanda akilia asitoke. Yule mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwalimu, mlimfundisha nini?" Mtoto yule aliacha kuja shule ya Jumapili, na akirudi kanisani baada ya miaka alikaa mlangoni. Nililitumia Neno la Mungu kama fimbo ya kunyamazishia watoto, na nimeomba toba kwa hilo mara nyingi. Ndiyo maana nikiona leo mwalimu kijana anawaambia watoto wa miaka minne kwamba Mungu anawaona na moto upo, moyo unanishtuka.

Angalieni jinsi Biblia yenyewe inavyopanga jambo hili. Katika Kutoka 12, Pasaka inapowekwa, Musa anawaambia wazee kwamba watoto wenu watawauliza maana ya ibada hii, nanyi mtawajibu. Yoshua akivuka Yordani anatoa mawe kumi na mawili mtoni na kuyasimamisha Gilgali, na sababu ni hiyo hiyo: siku moja mtoto atauliza, mawe haya ni ya nini? Anayeanza kuuliza ni mtoto. Kazi ya mkubwa ni kuweka mawe mahali ambapo mtoto atayakwaa. Sisi tumegeuza. Mkubwa ndiye anauliza, mkubwa ndiye anajua jibu, na mtoto anapigiwa makofi akilirudisha lilivyo.

Sasa mtaniuliza, mawe hayo tuyaweke vipi? Kwa kusema vitu vyenyewe, vile vidogo vilivyoandikwa, ambavyo kwa haraka yetu tunaviruka.

Chukueni hiyo ya Goliathi. Imeandikwa urefu wake ulikuwa mikono sita na shibiri. Mkono ni kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na shibiri ni kiganja kilichonyooshwa, toka kidole gumba hadi kile cha mwisho. Mwacheni mtoto apime ukutani kwa mkono wa mwalimu, aweke alama ya chaki. Inakaribia mita tatu. Mtoto atasimama chini ya alama, atainua shingo, na hapo hamtahitaji kusema kwamba lilikuwa jitu. Kisha silaha. Watoto wetu wote wanadhani Daudi alikuwa na manati, kwa sababu manati ndiyo wanayoijua, ya mpira na kijiti cha panda. Daudi hakuwa na manati. Biblia ya Union inasema teo, wengine huita kombeo: ukanda wenye kitako katikati, unaozungushwa kwa mkono mmoja, kisha ncha moja inaachiwa. Nilikuwa naisuka kwa nyuzi za mgomba, tunatoka uwanjani, na badala ya jiwe tunaweka gunzi la mahindi ili asiumizwe mtu. Hakuna mtoto aliyelenga shabaha mara ya kwanza, wala ya kumi. Gunzi linaruka nyuma, linaruka juu ya paa. Mvulana mmoja, baada ya kujaribu mpaka jasho likamtoka, alikuja akaniambia taratibu, "Kumbe Daudi alikuwa anafanya mazoezi kule kwa kondoo." Hilo sikulifundisha mimi. Nimekaa nalo mpaka leo.

Safina ya Nuhu vilevile. Mikono 300 urefu, 50 upana, 30 kwenda juu. Tulichukua kamba ya katani tukaanza kupima kwenye mlango wa kanisa. Tulipita kisima, tukapita nyumba ya mwinjilisti, tukaingia kwenye migomba ya jirani, na kamba bado. Ni kama mita 135. Watoto walikimbia toka omo hadi tezi wakirudi wanahema. Na palepale kwenye migomba binti mmoja akauliza, "Bibi, na watoto wengine ambao hawakuingia?"

Hapo ndipo walimu wengi wanaogopa, na ndiyo sababu wanakimbilia funzo. Swali la namna hiyo likija, msimwambie mtoto kwamba haulizi vizuri. Wala msijitungie jibu la kumfurahisha. Nilimwambia yule binti yaliyoandikwa kwenye Mwanzo 6, kwamba Mungu alihuzunika moyoni. Nikamwambia nami nikiifikiri naona huzuni. Akanishika mkono, tukarudi kanisani kimya. Kama hamjui, semeni hamjui, mtamwuliza mchungaji, na kweli mkamwulize, mrudi na jibu Jumapili inayofuata. Mtoto hapotezi imani kwa mwalimu asemaye "sijui". Anaipoteza kwa mwalimu aliyemdanganya, siku atakapogundua.

Siyo kila habari ni ya kila umri. Habari ya Ibrahimu akitaka kumtoa mwanawe Isaka sadaka mlimani Moria mimi siwasimulii watoto walio chini ya miaka kumi, maana mtoto mdogo anaisikia akiwa upande wa Isaka, anamtazama baba yake. Yako mengine katika Waamuzi ambayo hata vijana wa kipaimara nayapitia kwa uangalifu. Kungojea siyo kuficha.

Lakini zile tunazozisimulia, tusizikate. Yona tunamwacha ufukweni ametapikwa na samaki, tunafunga kitabu, tunasema "tusimkimbie Mungu". Hadithi imefika nusu tu! Ninawi inatubu, hata wanyama wanavikwa magunia. Yona anakasirika kwamba watu wamesamehewa. Anakaa chini ya mtango, buu linautafuna, jua linampiga kichwani, anataka kufa. Na kitabu kinaisha kwa swali la Mungu mwenyewe: nisiihurumie Ninawi, yenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kulia na wa kushoto, na wanyama wengi? Jibu la Yona halikuandikwa. Niliwasimulia wajukuu zangu habari hii usiku mmoja umeme umekatika, tumeketi na kibatari, harufu ya mafuta ya taa chumba kizima. Nilipofika kwenye lile swali nikanyamaza. Mdogo wao akasema, "Mungu amewakumbuka hadi ng'ombe." Mkubwa, ambaye siku mbili alikuwa hasemi na mdogo wake kwa ugomvi wa mpira, hakusema neno. Asubuhi niliwakuta wanacheza. Sitadai kwamba ni Yona aliyewapatanisha, ila nashukuru sikuongeza kitu.

Na msiache yule binti wa Yairo, aliyekufa Yesu akamfufua. Umri wake umeandikwa, miaka kumi na miwili. Maneno ya Yesu yameachwa katika lugha yake mwenyewe, "Talitha, kumi", yaani "Msichana, inuka". Na baada ya muujiza mkubwa hivyo, Yesu anaagiza apewe chakula. Kila mara nikifika hapo mtoto mmoja huuliza, "Alikula nini?" Mwulizeni na yeye anadhani alikula nini. Wangu wamewahi kumpa uji, ndizi, hata chipsi. Mtoto anayemfikiria Yesu anayeujua mwili wa binti aliyefufuka kuwa una njaa, amekwisha kumkaribia.

Jambo la kusema kwa ufupi, ila nalishikilia: ile njia yetu ya kuanza, "Hadithi hadithi!", watoto wakaitika, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!", ni ya sungura na fisi, na huko ni nzuri, nami nimelelewa nayo. Msiifungulie Injili. Mtoto hawezi kuita uongo uje halafu mkamtaka aamini. Anzeni kwa mahali na mtu, kama Biblia inavyoanza: palikuwa na mtu katika nchi ya Usi, jina lake Ayubu. Sauti ya msimulizi ni ileile, kuitikiana kupo pale pale, mlango tu ndio tofauti.

Sasa ninyi wazazi. Mnatuletea mtoto saa moja kwa wiki, na katika saa hiyo tunaimba, tunakusanya sadaka, tunapanga mistari. Kumbukumbu la Torati 6 haikumtaja mwalimu wa Jumapili. Imesema uyanene uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo. Hizo ni saa zenu. Hamhitaji kusoma chuo cha Biblia. Someni sura moja mchana, katika Union ya 1952 kwa utamu wake au Habari Njema kwa wepesi wake, funga kitabu, kisha jioni mkichambua mchicha au mkimenya ndizi msimulie kama unavyosimulia yaliyotokea sokoni. Ukisahau kipande, mtoto mkubwa atakukumbusha, na atafurahi sana kukukumbusha. Baba nao wasimulie. Watoto wengi wanadhani Biblia ni kitu cha akina mama.

Kuhusu katuni za kwenye simu sina vita nazo, siku mama anaumwa zinasaidia. Ila katuni haiwezi kusimama mtoto akiuliza, na nyuso zake nyingi ni za watu weupe. Mjukuu wangu aliniuliza Musa alikuwa Mzungu wa wapi. Mtazameni pamoja naye, mzime, kisha asimulie yeye.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tisa alasiri, nitakuwa chini ya mparachichi nyuma ya kanisa letu. Walimu njooni, na mzazi yeyote anayetaka. Kila mmoja aje na habari moja aliyoisoma mara tatu, Biblia akaiache nyumbani, asimulie kwa dakika kumi na akome inapokoma. Nimewaita watoto saba wa kutusikiliza. Anayependa Ruthu asichukue, nimeichukua mimi. Yule binti wa Zaburi ya 23 ameahidi kuja, na nimemwambia atakayemsimulia Daudi atakuja na teo.

Bibi yenu katika Kristo,
mwalimu wa watoto mstaafu, Kilimanjaro