Saruji inaua kuta za kumbukumbu Bagamoyo

Ndugu Mhariri,

Mahali pa kunyongea, pale ufukweni Bagamoyo, ambapo Wajerumani waliwanyonga waliowapinga, panahitaji maelezo kamili. Watoto waambiwe kwamba watu wa mwambao waliinuka mwaka 1888, kampuni ya Wajerumani ilipokodishiwa pwani na kushika forodha. Na kwamba kiongozi wao, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani, Desemba 1889, si hapa.

Kuta nazo ni ushahidi. Boma la 1897, jengo la utawala wa Wajerumani, na majumba mengi ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hii hupumua. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi hugeuka chembe ngumu, plasta huvimba na kubanduka pamoja na uso wa jiwe. Inauma kuona hivyo!

Badala ya saruji itumike chokaa, nayo iroweshwe wiki kadhaa. Kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga wa mto uliooshwa, kamwe si wa baharini. Ipakwe nyembamba, kisha ifunikwe magunia mabichi siku saba, maana jua la pwani huipasua. Fundi asiye na shimo la kurowekea chokaa asipewe kazi hiyo.

Wapenzi wa Mji Mkongwe,
Bagamoyo