Mchezaji asibeti hata kwamba timu yake itashinda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja ninayoisikia kila Jumamosi kwa kinyozi wangu hapa Majengo, Dodoma, kwamba mchezaji anayeweka dau timu yake ishinde hamdhulumu mtu, kwa kuwa fedha yake itamfanya ajitume zaidi. Vijana hao humtetea Sandro Tonali, kiungo wa Newcastle aliyefungiwa miezi 10 nchini Italia mwaka 2023, wakisema kosa lake lilikuwa kuiamini Milan, timu aliyokuwa akiichezea.

Nimekuwa mweka hazina wa timu ya mtaani kule Nkuhungu kwa misimu minne, na hoja hiyo nimeiona ikianguka uwanjani. Winga wetu alikuwa amewekeana shilingi 10,000 na shabiki wa wapinzani kwamba tungeshinda kwa tofauti ya mabao mawili. Zikiwa zimebaki dakika chache tulikuwa tukiongoza 1-0, kocha akimwita kwa mikono yote miwili arudi kumsaidia beki wa kushoto, naye amesimama karibu na boksi lao akidai mpira. Bao la kusawazisha lilipitia upande ule ule aliouacha wazi. Ushindi aliutaka kuliko sisi sote, ila si ule tulioutaka sisi.

Kanuni za maadili za FIFA hazibagui kati ya dau la kushinda na la kushindwa: zinamzuia mchezaji kushiriki, yeye mwenyewe au kupitia mtu mwingine, katika kubeti kunakohusu mechi za soka, na adhabu yake ni faini isiyopungua faranga 100,000 za Uswisi pamoja na kufungiwa hadi miaka 3. Maneno "kupitia mtu mwingine" ndiyo yanayosahaulika huku kwetu. Mchezaji hujua kabla ya sisi wote kwamba kipa anaumwa au kwamba mshambuliaji atapumzishwa, na akimnong'oneza binamu yake habari hiyo kabla mkeka, yaani orodha ya mechi alizowekea dau, haujafungwa, amewachukulia fedha watu wanaobahatisha bila kujua. Mwaka 2020 beki Kieran Trippier alifungiwa wiki 10 nchini Uingereza kwa sababu ya habari za uhamisho wake kwenda Atletico Madrid, ambazo rafiki zake walizitumia kubeti. Hapakuwa na mechi yoyote iliyouzwa.

Liko pia suala la deni. Mchezaji ambaye mikeka yake imechanika mfululizo, na mshahara umechelewa, ni rahisi kufikiwa na mtu mwenye bahasha anayeomba kadi moja ya njano tu, au penalti moja. Nakiri kwamba ni vigumu kumhubiria kijana jambo hili wakati jezi aliyovaa ina nembo ya kampuni ya kubeti kifuani, na sitashangaa akituona wanafiki.

Kwa hiyo ninawaomba viongozi wa soka wa mkoa wetu, kabla ya msimu ujao kuanza, wawaite wachezaji wa ligi za wilaya na wa timu za vijana, wawasomee kanuni hii kwa Kiswahili, na wawape muda wa kuuliza maswali. Winga wetu aliniambia baadaye kwamba hakuna aliyewahi kumweleza kuwa ni kosa, nami, niliyekuwa nimeshika daftari la timu, sikuwa nimemweleza.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma