Mwanangu, hiyo aspirini umeanza?

Marahaba mama, meseji yako nimeiona. Nimefurahi umewahi kliniki, sio kama dada yako aliyekwenda tumbo limeshachomoza, ila hiyo habari kwamba daktari kakuandikia aspirini na wewe umeitia kwenye droo eti unasikilizia kwanza, unasikilizia nini?

Shangazi yako asikutishe kwamba inatoa mimba. Umeandikiwa ya miligramu 75, ile ndogo wanayoiita junia, sio ile kubwa ya 300 ya kichwa. Nesi wa hapa kanieleza, inasaidia damu ipite vizuri kwenye kondo la mtoto, na inaanzwa kuanzia wiki ya 12, ikiwezekana kabla ya 16. Wewe una 13. Ukingoja presha ipande ndio umeze utakuwa umechelewa, maana ile inakinga, haitibu. Sasa umeanza?

Au ni vile vidonda vyako vya tumbo? Kama ni hivyo rudi kesho umwambie daktari, najua ulimficha, shule ulisoma lakini kuficha hujaacha.

Na wakikuuliza kama kwenu kuna aliyepata kifafa cha mimba, kile kinacholetwa na hiyo presha, usiseme hakuna. Mimi nilipata, kwa kaka yako, nilizindukia wodini ulimi umevimba kwa kuung'ata. Nyie mliambiwa mama alizidiwa tu, zamani hayo hatukuongea na watoto, basi. Mimba ya kwanza halafu mama yako aliwahi kuugua, hayo ndiyo daktari huyaangalia akiandika aspirini.

Meza usiku ukishakula. Na usijione umemaliza, presha na mkojo wapime kila hudhurio, kichwa kikiuma kisiache, ukiona maluweluwe, uso ukivimba au kukiuma chini ya mbavu, nenda hospitali hata saa nane usiku, mimi utanipigia ukiwa huko.

Baba yako anasalimia, naye anameza hizo hizo 75 za moyo, eti akutumie zake, nimemwambia anyamaze. Bati la jikoni limeng'oka na upepo, fundi anataka 80,000, siombi, nakuambia tu. Nimempa kondakta wa basi la asubuhi unga na dagaa, uwale na mifupa yao, kalsiamu nayo inasaidia presha. Mumeo ndio akapokee stendi, usibebe kiroba wewe. Na kidonge, kama sio vidonda vinavyokuzuia, ni leo usiku, sio kesho; kama ni vidonda, kwanza daktari kesho asubuhi.