Barua ya Wazi kwa Katibu wa Chama wa Wilaya: Uchaguzi wa Tawi la Mwaloni Usifanyike Wakati wa Giza

Ndugu Katibu,

YAH: OMBI LA KUSOGEZA TAREHE YA UCHAGUZI WA TAWI

Nakuandikia nikiwa mwanachama wa kawaida wa tawi letu la Mwaloni, Kirumba, nikiomba usogeze mbele mkutano wetu wa uchaguzi, kwa kuwa tarehe uliyobandika kwenye ubao wa matangazo inaangukia katikati ya giza, yaani majuma yasiyo na mbalamwezi, na wakati wa giza wavuvi wa dagaa hawapo nyumbani.

Dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa, zamani karabai na siku hizi zaidi za sola, na mbalamwezi ikishawaka taa hizo hazina kazi. Ndiyo maana majuma yote ya giza wavuvi huwa kambini visiwani, Kome, Goziba na kwingineko, wakivua usiku na kulala mchana, kisha mwezi unapokaribia kuwa mpevu hupumzika, hushona nyavu, na wengi hurudi Kirumba kuziona familia zao. Mkutano wa wakati wa giza utawapata wenye maduka, wenye maghala na sisi tunaoanika. Watu wa majini hautawapata.

Sasa tazama ni nani anayetetea nafasi yake. Mama Mwenyekiti aliingia katika uongozi akitokea kwenye vichanja vya dagaa, na sehemu kubwa ya wanachama wa tawi aliwaandikisha mwenyewe alfajiri boti zinapotia nanga, daftari lake la kaunta likiwa juu ya gunia, magamba yamegandia kwenye kurasa, huku akimdai mtu ada hata kabla hajapewa mgawo wake na tajiri mwenye boti. (Kwa hilo alikuwa msumbufu, na wapo waliokuwa wakizunguka nyuma ya maghala ili wasikutane naye.) Sijaamua kumpigia kura, kwani taarifa za mapato na matumizi huzisoma kwa kuchelewa sana, na wanaomtaka aeleze wana haki. Lakini akishindwa, ashindwe mbele ya watu aliowaandikisha.

Baadhi ya wafuasi wake wanapendekeza tuchangie mafuta ya boti ili wavuvi waletwe siku hiyo. Napinga kabisa, kwa sababu kambi ya mgombea ikishamlipia mpiga kura safari, hakuna atakayetenganisha nauli na hongo. Mahakama Kuu ilishayabatilisha mwaka 2006 masharti ya takrima, yaliyoruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, na maofisa wa TAKUKURU, wanaopambana na rushwa, hawatakuja hapa kusikiliza maelezo yetu kuhusu mwezi.

Sheria ya Vyama vya Siasa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, inavitaka vyama kuwa na daftari la wanachama. Letu tunalo, na aliyelipia ada yake amesimama ndani ya mtumbwi ana haki ileile ya aliyelipia ofisini.

Kutoka katikati ya giza hadi mwezi mpevu ni kama siku 14, na hizo ndizo ninazoomba. Iwapo kanuni za uchaguzi hazikuruhusu, tafadhali tutajie kifungu kinachozuia, na jibu lako ulibandike kwenye ubao uleule, maana manahodha huusoma kabla ya kupakia, na wao ndio wanaopeleka habari kambini.

Wako katika ujenzi wa chama,

Mwanachama, Tawi la Mwaloni
Kirumba, Mwanza