Likeni si ugonjwa wa miti, zisikwanguliwe

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wanaosimamia bustani za umma hapa Nairobi waache kukwangua na kupaka chokaa mashina ya miti kwa sababu tu yameota mabaka ya kijivu, ya kijani au ya manjano. Wiki mbili zilizopita nilipita katika bustani moja ambayo nimekuwa nikiitembelea tangu nilipokuwa nikifundisha biolojia, nikawakuta vijana wawili wakisugua mijakaranda kwa brashi za waya, na mwenzao akiwafuata na ndoo ya chokaa. Nilipowauliza, walinijibu kwa adabu kwamba miti imeshikwa na ugonjwa wa ngozi na kwamba wameagizwa kuisafisha. Walikuwa wamekwisha kumaliza miti 11. Vijana hao siwalaumu hata kidogo, kwani walikuwa wakitekeleza agizo la mkubwa wao. Ni agizo lenyewe ninalotaka liangaliwe upya.

Mabaka yale ni likeni, ambazo wengi wetu huzipita tukidhani ni ukungu au koga. Kila likeni ni maskani ya viumbe zaidi ya kimoja: kuvu hujenga nyumba, na ndani ya nyumba hiyo huishi mwani wa kijani mdogo mno kuonekana kwa macho, au bakteria wenye uwezo wa kutumia mwanga wa jua, ambao hutengeneza chakula cha wote. Mwanabotania wa Uswisi, Simon Schwendener, alipolieleza jambo hili mwaka 1867, mabingwa wa likeni wa enzi yake walimpinga vikali, lakini ndiye aliyekuwa na haki. Kwa kuwa chakula chake hutokana na jua, na maji na madini yake hutokana na mvua, umande na vumbi, likeni haina haja ya kunyonya mti. Vijinyuzi vilivyo chini yake hushikilia gome la nje tu, ambalo lilikwisha kufa. Mmea unaonyonya mti kweli ni kirukia, ambao hupenyeza mizizi yake hadi ndani ya tawi na kujichotea maji, na ajabu ni kwamba katika bustani ile ile virukia viliachwa vikining'inia juu vikiwa vimenawiri.

Najua chanzo cha dhana hii. Mti unapodhoofika kwa ukame, kwa uzee au kwa mizizi kukatwa na wachimbaji wa mitaro, majani yake hupungua, mwanga hufika kwenye matawi, nazo likeni hupata nafasi ya kutanda. Mpita njia huona tawi kavu lililojaa likeni, akahukumu kwamba likeni ndizo zilizolikausha, wakati zilikuja baada ya mti kuanza kuugua. Kulikwangua tawi hilo hakuurudishii mti maji unayoyakosa. Kinyume chake, waya hukwaruza gome lililo hai, na penye jeraha ndipo wadudu na kuvu waozeshao mbao hupata mlango.

Ningependa msomaji achukue kioo cha kukuzia na chupa ndogo ya maji, asimame mbele ya mjakaranda mmoja kwa dakika tano. Ataona baka la kijivu lenye kingo zilizokunjamana kama jani la kabichi, na pengine vinyweleo vyeusi pembezoni, vyembamba kuliko kope za mtoto mchanga. Pembeni yake huenda pakawa na jingine la manjano, dogo kama punje za mtama, na hapa na pale vikombe vidogo ambamo kuvu hutolea spora zake, yaani chembe za kuzaliana. Kisha atie matone machache ya maji juu ya lile la kijivu. Kwa muda mfupi litageuka kuwa kijani, kwa sababu tabaka la juu likilowa hupitisha mwanga na mwani uliomo ndani huonekana. Nimewaonyesha wanafunzi wengi jambo hili, na sikumbuki darasa hata moja ambalo halikuniomba nirudie. Baka la upana wa kiganja huenda limechukua miaka mingi kufikia hapo, kwani likeni nyingi za aina hii hukua milimita chache tu kwa mwaka. Brashi ya waya huliondoa kwa sekunde.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo nzito kupita zote. Likeni haina ngozi ya nta inayolinda majani ya mimea, wala haina vitundu vya kufunga na kufungua kama vya majani; chochote kilichomo hewani huingia mwilini mwake na kukaa. Mwaka 1866 mtaalamu wa likeni William Nylander aliorodhesha zaidi ya aina 30 katika bustani ya Luxembourg mjini Paris, akaeleza kwamba zinapima usafi wa hewa. Miaka 30 baadaye zilikuwa zimetoweka bustanini humo, zikiuawa na moshi wa makaa ya mawe. London nayo ilizipoteza nyingi, na moshi wa salfa ulipopungua katika nusu ya pili ya karne ya 20, zilianza kurejea kwenye miti yake. Hapa kwetu, anayetoka kwenye vijia vya ndani vya msitu wa Karura akaja kukagua miti iliyo kando ya barabara kuu za jiji ataona tofauti kwa macho yake: kule mashina yamefunikwa na likeni za maumbo mengi, huku yamebaki na masizi na mabaka machache ya aina sugu. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala fundi, na tunakifuta kwa chokaa.

Wala likeni si kitu kigeni kwetu. Watu wa pwani walikuwa na jina la aina moja yake, marere, iliyochumwa kwenye miti na miamba na kusafirishwa Ulaya kupitia Zanzibar katika karne ya 19 ili kutengenezea rangi ya zambarau. Likeni za jamii hiyo hiyo ndizo zilizotoa rangi ya karatasi ya litmasi ambayo kila mwanafunzi wa kemia ameitumbukiza katika asidi. Katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, aina nyingine huning'inia kwenye mierezi kama ndevu za mzee. Na yule ndege mdogo wa rangi ya kutu, ambaye dume lake lina mkia mrefu kama utepe, hufuma kiota chake kwa utando wa buibui na kukipamba nje kwa likeni.

Sipingi kila matumizi ya chokaa. Mti ulio kwenye ukingo wa barabara isiyo na taa unaweza kupakwa ukanda mweupe ili dereva auone usiku, na hilo lina maana. Ndani ya bustani, ambako hakuna gari linalopita, sioni faida yake. Bajeti iliyonunua brashi na chokaa ingetosha kuwalipa vijana wale wale wakakata virukia, wakatandaza majani makavu kuzunguka mashina ili udongo usikauke, na kuzuia taka zisichomwe chini ya miti.

Katika bustani ninayoizungumzia, mikuyu mitatu iliyo karibu na kijito ilikuwa bado haijafikiwa nilipoondoka. Mmoja una likeni kuanzia usawa wa goti langu hadi matawi ya kwanza. Namwomba mhusika, kama anasoma gazeti hili, aamuru brashi ziishie kwenye mti wa 11.

Mwalimu mstaafu,
Nairobi