Dada, mdogo wetu hakujua kama atakufa

Dada shikamoo. Simu zangu hupokei kwa hiyo nakuandikia huku, najua utasoma tu maana mambo ya huku hayakupiti.

Nimeangalia ile dokumentari ya zamani, The James Dean Story ya mwaka 1957, aliyoiongoza Robert Altman na mwenzake George W. George. Dean, yule mwigizaji wa filamu wa Marekani, alikufa kwa ajali ya gari California tarehe 30 Septemba 1955, ana miaka 24, na miaka miwili tu baadaye washamtolea filamu ya maisha yake. Filamu alizokuwa staa ni tatu tu, na akiwa hai ilitoka moja, East of Eden. Sasa cha kuonyesha hawana, basi wanachukua picha za mnato, kamera inatembea juu yake taratibu mpaka inafika machoni, halafu msimulizi anaingia na sauti nzito anakueleza moyoni mwa kijana kulikuwa na nini. Yaani mtu kashakufa na sasa kuna anayejua kila alichokuwa anawaza. Pale nikakukumbuka wewe na ile maiki siku ya mazishi ya mdogo wetu.

Lakini wamo pia shangazi yake Ortense na mumewe, Marcus Winslow. Hao ndo waliomlea shambani kule Fairmount, Indiana, baada ya mama yake kufariki 1940, mtoto ana miaka 9, akasafirishwa kwa treni kutoka California pamoja na mwili wa mama yake. Hebu fikiria hiyo safari. Na hao wazee wakiongea hawana mbwembwe kabisa, wanamuongelea kama mtoto wao wa nyumbani. Mi niliwaamini wao kuliko msimulizi na maneno yake yote.

Mpaka leo wapo watu wanasema Dean alijua anakufa. Wanatoa zile picha za Februari 1955, alipigwa na Dennis Stock hukohuko Fairmount, amekaa ndani ya jeneza dukani, eti ushahidi si huo! Jamani, ni kijana alikuwa anacheza. Siku ile ya ajali alikuwa anaelekea Salinas kushindana mbio za magari na Porsche yake mpya, na kazi ilikuwa inamsubiri, acheze kwenye filamu kama bondia Rocky Graziano, nafasi ambayo baadaye akapewa Paul Newman. Mtu anayejua anakufa ana ratiba hiyo?

Na wa kwetu dada. Wiki ileile alikuwa anabishana na mimi habari ya chumba, anataka kuhama apate chenye dirisha kubwa, ananiuliza mapazia nitamshonea mimi au aende kwa fundi. Halafu we siku ya mazishi unasimama mbele ya watu, unachukua maiki, unasema aliniambia mwenyewe safari yake ni fupi. Watu wakalia sana, nakubali. Ila mimi nilikuwa nimemshika mama mkono, akanigeukia, macho makavu, akaniuliza, "Kwani alikuwa anajua? Mbona mimi hakuniambia?"

Hilo dada siwezi kukusamehe bado. Mama anauliza hivyo mpaka leo, yuko jikoni anakatisha alichokuwa anaongea anauliza, anaamini mwanawe alimficha kitu kikubwa namna ile.

Sisemi hukumpenda. We ndo ulimbeba mgongoni, we ndo ulikuwa unamfulia sare usiku ili asubuhi asichelewe, hakuna wa kukunyang'anya hayo na ungeyasema hayohayo pale watu wangelia vilevile. Ukimsemea marehemu sema ulichokiona kwa macho yako, basi. Ndo maana ile sauti yake iliyobaki kwenye simu yangu sikukupa, na wanaosema nina roho mbaya wajue sababu. Ningekupa ungeiweka kwenye vidio na muziki wa huzuni chini yake, na mle ndani hakuna huzuni hata kidogo, anaongelea dirisha, anakatisha kugombana na mtu kuhusu chenji, anacheka, anarudi kwenye dirisha. Kuna mtu ilibidi amtunze alivyokuwa, na we ulishachagua upande mwingine, ningefanyaje mimi?

Nenda kwa mama. Usimpigie, nenda, ukae naye umwambie hakukwambia kitu. Mimi nimeshamwambia mara nyingi, ananijibu aliyeongea naye ni dada yako, wewe unajuaje. Ukishamwambia nakutumia ile sauti siku hiyohiyo, yote, pamoja na pale anapokuiga unavyoongea ukiwa umekasirika, maana amekupatia kweli.